Picha ya Mlangoni pa Nyuki

Nikutegee, nawe tega sikio. Nina jumba la wapangaji elfu kwa elfu. Kila mlango una picha yake, hakuna mpangaji anayejua kusoma, wala hakuna hata mmoja aliyepotea akalala kwa jirani. Ni nini?

Fikiri kidogo. Umeshindwa? Basi nipe mji. Nimepewa Ljubljana, nimekwenda, nimekunywa kahawa kando ya mto, nimetosheka, nimerudi. Jumba hilo ni banda la nyuki la kule Gorenjska, nchi ya milima jirani na mji huo. Wafugaji wa zamani walikuwa na mizinga ya mbao kama masanduku, wakaipanga mmoja juu ya mwingine, na usoni mwa kila mzinga wakapigilia ubao uliochorwa. Huyu alichoresha shetani akinoa ulimi wa mwanamke mmbea, yule alichoresha wanyama wamembeba mwindaji kwenda kumzika, mwingine Bikira Maria na malaika wake. Walisema nyuki akirudi na mzigo hutazama picha, akajua mlango wake.

Sasa yupo mtu aliyekuwa na picha kama hiyo mkononi mwake miaka miwili, na bado ilimponyoka. Jina lake Zalka Rabič.

Zalka alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, mrefu, mwenye hatua za haraka, na kazi yake majirani hawakuielewa vizuri. Alitafuta majengo ya kale ambayo hayapo tena, au yapo lakini yamegeuzwa sura, na hakuyatafuta kwa jembe bali kwa macho, ndani ya picha. Alipekua mbao za shukrani ambazo watu walizitundika kanisani baada ya kupona. Alipekua pembe za ramani, na picha za harusi ambazo nyuma ya bibi harusi kumebaki kipande cha ukuta. Mnara mmoja uliobomolewa zamani aliupata nyuma ya mkia wa ng'ombe, kwenye ubao wa mtu aliyemshukuru Mungu kwa kumponyea ng'ombe huyo. Wenzake walicheka. Akawaonyesha mahali pa kuchimba, msingi ukatokea shubiri mbili kutoka pale aliposema. Tangu hapo hawakucheka tena, na Zalka mwenyewe, tuseme kweli, alizoea kuwa sahihi.

Kanisa la Mtakatifu Marjeta, kijijini Podjelše, lilikuwa kongwe kuliko lilivyoonekana. Kwa nje lilikuwa jeupe na nono, na madirisha mapana ambayo mababu waliopenda mapambo walikuwa wameyafungua. Lakini mifupa yake ilikuwa ya miaka mia sita. Na wazee walisema kwamba mahali fulani chini ya lipu yumo Mtakatifu Kristofa, lile jitu jema lililombeba Mtoto Yesu begani likivuka mto. Enzi zile walimchora nje ya kanisa, mkubwa karibu kufika paa, ili wapita njia wamwone wakiwa mbali, kwa maana aliyemwona Kristofa asubuhi hafi ghafla siku hiyo. Wachukuzi wa chumvi walimtazama, wakavua kofia, wakaendelea na punda wao. Zikaja nyakati nyingine, akapakwa chokaa. Waliompaka wakafa, na watoto wao wakasahau alisimama ukuta gani.

Mwaka huo kuta zilikuwa zimelowa unyevu hadi kiunoni. Padri Urban, paroko, alikuwa amewaahidi waumini kwamba sikukuu ya somo wa kanisa lao, tarehe ishirini Julai, italikuta limevaa lipu mpya. Fundi alikwisha kupatikana, Tine Bohinc, mtu wa kifua kipana na maneno machache, na alikuwa na mashine yake ya kutindua. Jumatatu asubuhi angeanza, kuta zote, mpaka kwenye jiwe. Lipu ikianguka, Kristofa anaanguka nayo. Mashine haina macho.

Zalka alimwendea Padri akamsihi. Padri hakuwa mtu mgumu, ila ahadi ilikuwa imemkaa shingoni. Alimpa nafasi ya kufungua vidirisha viwili kwenye lipu ya zamani, kila kimoja ukubwa wa sinia, kwa mkono wa Tine na tindo ndogo. Akimpata mtakatifu, ukuta ule hautaguswa. Asipompata, Jumatatu ni Jumatatu. Zalka alimjibu kwamba kimoja kinatosha, hicho cha pili Padri ajiwekee akiba.

Ujasiri huo aliutoa wapi? Kwenye picha. Katika makumbusho ya mjini ulikuwepo ubao wa mzinga uliotoka Podjelše yenyewe, umeandikwa mwaka 1841, na Zalka alikuwa na picha yake kubwa, safi, kwenye jalada. Kanisa lilionekana zima. Mnara upande wa kulia, madhabahu upande wa kushoto, na katikati, ukutani, Kristofa na fimbo yake. Mbele yake mama mmoja amepiga magoti. Zalka alihesabu vigae vya mbao juu ya paa. Alipima urefu wa mnara kwa unene wa wino. Kisha akasema moyoni: makanisa yetu yote madhabahu yake hutazama mashariki, basi nikiuona mnara kulia, mchoraji alisimama upande wa kaskazini. Na barabara inapita wapi? Kaskazini. Na Kristofa humtazama nani? Mtu wa barabarani. Vitu viwili vilikuwa vimekubaliana, na Zalka hakuwa mtu wa kuuliza cha tatu.

Ijumaa mchana Tine alipanda jukwaa kwenye ukuta wa kaskazini. Wanakijiji kama kumi walikuwa wamekaa kwenye ukuta mfupi wa makaburini, maana huko nako watu hawakosi nafasi ya kutazama mwenzao akifanya kazi. Tine aligonga polepole. Ikatoka lipu ya juu, ikatoka ya pili, ikatoka ya tatu, kisha likatokea jiwe, la kijivu, tupu. Hakuna rangi hata ya kupaka ukucha.

Alishuka akijipangusa vumbi. "Bibi msomi," alisema, "huyu Kristofa wako nadhani alishavuka mto, akaenda zake."

Wale wa ukutani walicheka. Zalka angeweza kuvumilia kicheko, ila Padri Urban hakucheka, alilitazama lile tundu tu kama mtu anayetazama saa. Zalka alikaa kwenye nyasi, jalada limefunguka mapajani, mashavu yanamwaka. Kidirisha kimoja kilibaki, na ukuta wa kanisa ni mrefu. Ukimtafuta jitu kwa sinia, bila kujua aliko, unabahatisha. Yeye hakuwahi kubahatisha maishani mwake.

Hapo ndipo Shangazi Neža alipokuja na birika la kahawa. Kijijini wote walimwita Shangazi, hata waliompita umri, ambao sasa walikuwa wawili tu. Alikuwa na miaka themanini na mmoja, ndiye aliyepanga maua ya altareni, na ndiye mjane wa mfugaji nyuki wa mwisho wa Podjelše. Alimimina kahawa, akampa Zalka kikombe, na macho yake yakaangukia picha.

"Mwanangu," alisema, "huyu mama si wa huku."

Zalka alimuuliza mama yupi.

"Huyu anayepiga magoti. Wa huku angefanyaje ishara ya msalaba kwa mkono wa kushoto?"

Zalka aliinua picha karibu na uso. Miaka miwili alikuwa ameishi na ubao ule. Alijua vigae vyake, alijua mpasuko kwenye mnara, alijua hata mahali brashi ya mchoraji ilipoacha unywele. Yule mama hakuwahi kumtazama. Na kweli, mkono wake wa kushoto ulikuwa umefika kwenye paji la uso, vidole vimekutana, na wa kulia umeshika kofia ya mtoto.

"Labda alikuwa shoto," alisema, lakini sauti yake ilikuwa imekwisha kuacha kuamini.

Neža alicheka mpaka kahawa ikamwagika sahanini. Alisema mashoto wamejaa tele, hata marehemu mumewe alikuwa mmoja wao. "Alikata majani kwa shoto, alikula kwa shoto, alinifinya kwa shoto. Lakini msalaba, mkono wa kulia, la sivyo mama yake angemvunja vidole. Ninyi wasomi mnatazama kuta tu, watu waliosimama mbele yake hamwaoni." Kisha akaongeza, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba yule wa nyumbani kwake anatumia kulia vizuri tu.

"Wa nyumbani kwako yupi, Shangazi?"

"Pacha wa huyu. Wa makumbusho wenu walimchukua mmoja wakati wa baba mkwe wangu. Mwingine hakuwapa, kwa sababu nyuki walikuwa ndani."

Zalka alisimama, kahawa akaiacha kwenye nyasi.

Banda la nyuki lilikuwa nyuma ya nyumba ya Neža, limeegemea miti ya tufaha, limejaa mizinga ya kisasa iliyopakwa rangi ya njano na buluu. Zalka alikuwa amelipita mara tatu mwaka ule bila kusimama, maana kwa mbali halikuonyesha ukale wowote. Lakini pembeni kabisa, chini, ulikuwepo mzinga mmoja wa zamani, mfupi, mweusi kwa moshi na umri. Neža aliuacha na nyuki wake kwa ajili ya mumewe. Alimzuia Zalka kwa mkono asikaribie kwanza. Aliinama, akagonga mzinga kwa kifundo cha kidole mara tatu, akawaambia nyuki kwamba huyu ni Zalka, binti wa watu, ana shida kidogo, na hatakaa sana. Hivyo hivyo ndivyo alivyowaambia siku mumewe alipofariki. Nyumba yenye nyuki haifichi habari.

Zalka alipiga magoti ubavuni, asizibe njia. Nyuki walipita mbele ya pua yake, wengine wakitoka, wengine wakirudi na vumbi la maua miguuni. Mmoja alitua kwenye nyusi yake, akatembea, akaondoka. Zalka hakutikisika, maana alikuwa anatazama ubao.

Ulikuwa umepauka, lakini ulisomeka. Kanisa lile lile, Kristofa yule yule, mama yule yule. Ila mnara ulikuwa kushoto na madhabahu kulia, na mama alikuwa anafanya ishara ya msalaba kwa mkono wa kulia, kama alivyofundishwa.

Neža alimweleza kama alivyosikia kwa baba mkwe wake, naye amesimama kajishika kiuno. Mchoraji yule alikuwa mtu wa kutembea kijiji kwa kijiji, akala kwao žganci, ugali wa huko, na maziwa ya mgando wiki nzima. Kanisa alilichora mara moja tu, kwenye karatasi, akiwa amesimama mbele yake. Kisha akaitoboa karatasi kwa sindano kufuata mistari, akaiweka juu ya ubao, akapitisha vumbi la mkaa, na vidoa vikampa mchoro. Ubao wa pili akaigeuza karatasi nyuma mbele. Mizinga ile miwili ilikuwa jirani, na mwenye nyuki hakutaka milango pacha. "Nyuki si mjinga," alisema Neža, "lakini ana haraka. Ukimwekea milango miwili ya kufanana, ataingia kwa watu, auawe. Mchoraji alikuwa anamfikiria nyuki. Hakufikiria kwamba utakuja wewe."

Basi ubao wa makumbusho ndio uliogeuzwa. Mchoraji alisimama kusini, na Kristofa alikuwa ukuta wa kusini.

Zalka aliona aibu, na aibu ile ikamfanya acheke, kicheko cha kweli, cha mtu aliyejikwaa kwenye mguu wake mwenyewe. Alikuwa amekwisha inuka aende mbio, kisha akarudi akapiga magoti tena. Safari hii aliuliza na cha tatu. Aliwatazama watu wote kwenye ubao, mmoja baada ya mwingine. Chini kabisa, karibu na tundu la kuingilia nyuki, palikuwa na punda wawili wenye magunia na mtu aliyevua kofia. Akamuuliza Neža njia ya punda ilipita wapi.

"Kule chini, kando ya kijito," alisema Neža, na mkono wake ukaonyesha kusini. "Barabara hii ya juu babu yangu aliiona ikichongwa."

Walimkuta Padri bado yupo makaburini, na Tine anafunga vyombo vyake. Zalka aliwaambia yote, hakujificha kwenye maneno. Alisema alikosea, akasema alikosea wapi, akasema sasa anataka kidirisha chake cha pili. Padri aliutazama ukuta wa kusini akatikisa kichwa. Madirisha yale mapana yalikuwa upande huo, mawili, kila moja lingepitisha mkokoteni. Alisema kama mtakatifu alikuwa pale, dirisha lilikwisha kumla.

"Limemla kidogo," alisema Zalka, na sauti yake ilikuwa imerudi mahali pake. "Padri, fundi mwenye akili hatoboi tundu jipya kama la zamani lipo. Hulipanua lile lile. Muulize Tine."

Tine, bila kuulizwa, aliguna kuonyesha kwamba ni kweli.

Kwenye ubao palikuwa na dirisha moja jembamba, na Kristofa alisimama baina yake na mnara. Zalka alipata katikati ya dirisha pana la leo, lile la karibu na mnara, akalihesabu kuwa ndilo lile jembamba, akatembea hatua sita kuelekea mnarani. Alisema dirisha limepanuka likamla bega la upande huo, na pengine fimbo. Kilichobaki ni kingi. Tine akaanza kusogeza jukwaa ili apande juu, kwenye uso, kwa kuwa mtu akitafutwa hutafutwa uso. Zalka alimkataza. Kule juu kulikuwa na tundu, na kiraka, na bomba la mvua. Chini ukuta haujaguswa. Alichukua chaki, akachora mraba wake usawa wa kiuno cha mtu mzima.

"Usipande," alimwambia. "Piga magoti. Tunaanza na miguu."

"Miguu imelowa unyevu," alisema Padri.

"Mvukaji mto, Padri. Amezoea."

Hata Tine alitabasamu, akaficha tabasamu lake kwa kukohoa. Alipiga magoti penye chaki, na mgongo wake mpana ukauziba mraba wote, kisionekane anachofanya. Wale wa ukuta mfupi walikuwa wamehama nao, wamejipanga tena upande huu, wanangoja mzaha wa pili.

Ikatoka lipu ya juu. Ikatoka ya pili, kwa vipande vidogo, maana Tine alikuwa amebadilisha tindo akachukua nyembamba zaidi. Kisha mlio ukabadilika. Zalka aliusikia, na alijua Tine naye ameusikia, kwa sababu nyundo ilisimama.

"Tine," alisema Padri Urban, "unaona nini?"

Tine aliweka nyundo chini. Alivua glovu moja kwa meno, akapapasa ukuta kwa vidole vitupu kama mtu anayempima mtoto homa. Kisha akaomba maji. Neža ndiye aliyekimbia, kama mtu wa miaka themanini na mmoja anavyokimbia, akaleta ndoo aliyomwagilia maua na sponji ya altareni. Tine alilowesha, akakamua, akapangusa. Akalowesha tena. Maji yalitiririka ukutani, meupe kwanza, kisha masafi.

Padri alipiga hatua moja mbele, akaisitisha. Zalka hakusogea. Alikuwa amesimama mikono nyuma, kidevu juu, na kama ungemtazama usoni ungesema huyu hana hofu yoyote. Ungekuwa karibu sahihi. Hofu aliyokuwa nayo ilikuwa ndogo, ya ukubwa wa sinia, nayo alikuwa ameishikilia kwenye viganja vyake vilivyofumbwa nyuma ya mgongo. Kama si pale, Jumatatu mashine itapita, na hakuna mtu duniani atakayejua tena. Mmoja wa wale wa ukuta mfupi alivua kofia, pengine kwa sababu ya joto.

Tine alipuliza ukuta. Akaegemea nyuma kwenye visigino vyake, mgongo bado umeziba. Kisha akasogea pembeni, polepole, na kugeuza kichwa kumtazama, si Padri aliyemuuliza, bali Zalka.

"Kidole," alisema. "Kidole gumba cha mguu, kikubwa kama mkate. Na samaki anakiuma."